Kapteni mpya anachukiwa na kombania nzima, mimi koplo nipo katikati. Nifanyeje?

KoploMlinzi:
Wakuu habari za jioni, naomba ushauri hasa kwa waliowahi kuvaa kombati au bado wanavaa. Kikosi sitaji wala mkoa, mtanielewa.

Miezi minne iliyopita tuliletewa kapteni mpya kuwa OC, yaani mkuu wa kombania, yule wa zamani kaenda kozi. Huyu alivyoingia tu mambo yakageuka, pasi za wikiendi hakuna, mtu mmoja akichelewa gwaride dakika mbili kombania nzima inapigwa fatiki mpaka jua linazama. Hayo tungeyameza, jeshi ni jeshi. Ila anawafokea masajenti mbele ya vijana wao. Juzi kuna staff sajenti, mtu mzima ana watoto chuo, kaambiwa mbele ya kombania "hata kuruta anakushinda". Watu walinyamaza kimya yaani kile kimya mpaka mimi nikaogopa.

Sasa vijana wa seksheni yangu wameanza mgomo baridi. Amri wanatekeleza lakini kwa mwendo wa kinyonga, silaha zinasafishwa ilimradi. Na wameandika barua kwa CO, mkuu wa kikosi kizima, kwamba kapteni aondolewe, wanataka tusaini wote na mimi niwe wa kwanza kwa kuwa ndo mkubwa wao. Nisiposaini naonekana kibaraka, nikisaini sijui kitanikuta nini. Na niseme ukweli, mimi mwenyewe simpendi.

MstaafuWa79:
Kijana wangu, hiyo barua USISAINI. Jeshini mtu analalamika peke yake kwa jina lake na namba yake, ngazi kwa ngazi. Mkisaini tisa kwa pamoja hamhesabiwi tena kama walalamikaji, mnahesabiwa kama watu waliokula njama, na hapo hata kama kapteni ana makosa mia hakuna atakayeyasikiliza, kesi itakuwa yenu.

Mnasahau jeshi letu lilizaliwaje. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la wakati huo, pale kambi ya Colito, sasa hivi Lugalo, walikuwa na madai ya kueleweka kabisa, mishahara midogo na maafisa wa Kiingereza bado wako juu yao na nchi imeshapata uhuru. Wakawakamata maafisa wao, Tabora nako wakafuata. Siku chache tu Mwalimu ikabidi awaite Waingereza, tarehe 25 makomandoo wakashuka na helikopta, na jeshi lote likavunjwa, JWTZ ikaanza upya Septemba 1 mwaka huohuo. Madai yalikuwa ya haki, njia ndo iliyowamaliza.

Mimi nilivuka kuingia Uganda 1979 chini ya luteni ambaye platuni nzima haikumtaka. Mdomo mchafu, hasikilizi. Sajenti wetu hakuwahi kumjibu mbele yetu hata siku moja. Usiku alikuwa anatoka naye kukagua malindo, wawili tu, na huko gizani ndo anamwambia "afande, leo pale umemvunja fulani, kesho namhitaji". Luteni hakuwa mtu mwema hata baada ya hapo, nisikudanganye, ila kufoka mbele za watu aliacha. Kwa hiyo wewe koplo usimrukie OC. Nenda kwa sajenti meja wa kombania, hiyo ni kazi yake kabisa.

Chui_wa_Pori:
Mzee shikamoo, lakini na nyie wazee ndo mnatufundisha kuvumilia kila kitu. Mtu anadhalilishwa miezi minne bado tunaambiwa gizani gizani! Mimi nilimaliza JKT, nilishaona afande anapeleka vijana kulima shamba lake binafsi na kila mtu anasema "vumilia".

MstaafuWa79:
Marahaba. Hayo ni mawili tofauti usiyachanganye. Akikupiga, akila posho yako, akikupeleka shambani kwake, akimsumbua askari wa kike, hapo hakuna kunong'ona, unaandika wewe mwenyewe, tarehe, saa, nani alikuwepo, na unapanda ngazi mpaka isikike. Ukali na mdomo mbaya dawa yake ni nyingine.

MamaWaKota:
Samahani naingilia, mimi ni mke wa afisa. Mume wangu aliwahi kuwa huyo kapteni mnayemsema. Alipelekwa sehemu akaambiwa kombania imelegea kairudishe kwenye mstari, kuna ajali ya silaha ilishatokea kabla yake. Nyumbani alikuwa hali, halali. Nilimuuliza mbona unawatesa watoto wa watu, akaniambia nikilegeza likatokea jingine nitamwambia nini mama wa yule mtoto. Simtetei, kuna aliowaumiza na alikuja kujuta. Ila ulizeni kwanza huyu wenu katumwa nini, maana hata hizo silaha zinazosafishwa ilimradi zinampa sababu ya kukaza zaidi. Na siku ikilipuka moja atakayeumia si yeye, ni kijana wako koplo.

KoploMlinzi:
Wakuu narudi na mrejesho, wiki moja imepita. Mama, maneno yako ya silaha sikulala nayo. Kesho yake nilikaa na seksheni nikasafisha nao mpaka mwisho, bunduki moja moja, sikuhutubia. Barua nikawaambia sisaini na nikaeleza kwa nini, mwenye lake ataandika mwenyewe na nitampitisha kwa sajenti platuni, sitamzuia. Wawili mpaka leo wananijibu "ndio koplo" basi.

Kisha sajenti platuni akanipeleka kwa sajenti meja. Nilijua nitafukuzwa, kumbe lile la staff sajenti lilishamkaa moyoni ila alitaka asikie linavyowaathiri vijana. Akaniuliza maswali mengi, nikajibu niliyoona tu, ya kusikia nikayaacha.

Leo asubuhi kabla ya gwaride kapteni kamwita staff sajenti pembeni chini ya mwembe. Hatukusikia wanasema nini. Walikaa kama dakika kumi, mwisho tukaona kapteni ndo kaanza kutoa mkono. Pasi za wikiendi bado hakuna.