Naomba ushauri: wosia wa baba na nyumba isiyo na hati

Habari za jioni wanajamvi. Naomba mnisaidie mawazo.

Baba yangu ana miaka 74, tupo Morogoro. Anataka kuandika wosia angali na akili timamu, ila sukari imemla macho. Hasomi tena, na sahihi yake siku hizi haifanani na ya zamani. Mama yupo hai, watoto tuko watano, mmoja wa mama mwingine. Baba amesisitiza huyo asiachwe, nami namuunga mkono kabisa.

Nyumba tunayoishi haina hati. Kuna karatasi ya mauziano ya 1987 tu, imechanika kwenye mkunjo na muhuri wa ofisi ya mtaa hausomeki vizuri. Muuzaji alishafariki.

Nimeshaulizia RITA (wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini), wosia wanapokea na kuutunza. Mzee mmoja wa ukoo anasema kwa asiyeweza kusoma mashahidi wawe wanne, mwingine anasema wawili wanatosha.

Maswali yangu: baba akiweka dole gumba, mashahidi wawe wangapi, na sisi warithi turuhusiwe kushuhudia? Na nyumba iandikwe kwenye wosia hivyo hivyo, au tuanze na urasimishaji, yaani kuitafutia hati kwanza?

Nitashukuru sana, hasa kwa waliowahi kupitia hili.