Naomba ushauri: ofisi ya watu wanaokuja kwa zamu, kelele tunazimaje?

Wakuu habarini, naombeni ushauri hasa mliowahi kupanga ofisi za watu wanaofanya kazi nusu nyumbani nusu ofisini. Sisi tupo Kijitonyama hapa Dar, watu 24, tangu Korona ya 2020 tumezoea kufanyia kazi home na siku hizi Jumatano ndo panajaa, siku nyingine hata kumi hatufiki, sasa tunahamia floo ndogo kupunguza kodi na bosi kanipa mimi kazi ya kuipanga.

Meza zitakuwa za wote, unakaa unapokuta, na makabati madogo ya kufunga kwa vitu binafsi. Hapo sina shida. Kinachoninyima usingizi ni kelele jamani, watu wakija, nusu ya siku wako kwenye mikutano ya video ya Zoom na Teams, wengine hawana hata hedifoni, na floo yenyewe ni tailizi na vioo kila upande yani sauti inagonga inarudi. Fundi aluminiamu anataka tukate vyumba vya vioo, mi naona mwangwi utabaki mlemle ndani, bora kapeti na mapazia mazito kwanza.

Kuna aliyetengenezesha kibanda cha simu cha mtu mmoja kwa mafundi wa Keko, mbao nje sponji ndani? Hewa mliifanyaje, maana kwa joto hili bila feni mtu hakai humo, na feni nayo ikipiga kelele si tumerudi kulekule? Na bei ilisimamia ngapi?