Badiliko la jeni: je, kosa laweza kuwa na manufaa?

Mzazi, Mikindani: Binti yangu wa kidato cha nne anafundishwa kwamba jeni hubadilika kwa bahati tu, kisha mazingira huchuja, na hivyo ndivyo viumbe wanavyogeuka. Mimi nasema kosa ni kosa. Nionyesheni badiliko moja lililomfaa binadamu.

Mwalimu, Masasi: Ndugu yangu, mfano tunao humu humu kwetu. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hutokana na herufi moja tu iliyobadilika katika jeni ya himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni. Aliyeirithi kwa mzazi mmoja kwa kawaida haugui, tena hukingwa sana na malaria kali, jambo ambalo mtafiti Anthony Allison alilionyesha Afrika Mashariki mwaka 1954. Badiliko halikuja kwa ajili ya malaria. Lilitokea lenyewe, malaria ikawaua zaidi wasiokuwa nalo, waliobaki wakazaa. Hiyo ndiyo faida.

Mama, Lindi Mjini: Mwalimu, nakuheshimu, lakini neno "faida" limenichoma. Mwanangu mwenye selimundu ana miaka 9. Juzi usiku mifupa ya miguu ilimshika, nikamkanda kwa kitambaa cha maji ya moto mpaka adhana ya alfajiri, naye ameng'ata upindo wa khanga yangu asiwaamshe wadogo zake. Mweleze yeye faida hiyo.

Mzazi, Mikindani: Ndicho nilichosema. Watu wapimwe damu kabla ya ndoa, ukoo wenye maradhi ujulikane.

Mama, Lindi Mjini: Baba, ukoo gani? Mimi na mume wangu hatujaugua hata siku moja. Kila mmoja wetu amebeba jeni moja, na kwa wazazi kama sisi kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kupata mtoto mgonjwa. Usiwatie watu aibu kwa jambo wasilolitenda.

Mwalimu, Masasi: Mama, nisamehe, nilipaswa kusema ni faida kwa nani, kwa maana uteuzi asilia, yaani huko kuchuja kwa mazingira, hauna huruma na haumpimii mtoto mmoja mmoja. Lakini ndugu wa Mikindani, usilikimbie swali lako: klorokwini tuliyoimeza kwa uchungu utotoni iliachwa kuwa dawa ya kwanza ya malaria nchini mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vya malaria vilivyobadilika jeni ndivyo vilivyosalimika na dawa na kuzaana; kosa liliwafaa wao, si sisi.

Msomaji, Nachingwea: Mimi narudi kwenye kupima. Kupimwa kwa hiari, sawa, ila majibu akabidhiwe nani? Dada yangu alivunjiwa uchumba kwa karatasi iliyosomwa na mashangazi kabla yake, ilhali mchumba mwenyewe hakupimwa kabisa.