Naomba ushauri: nimezoea gemu za mpira tu, nataka kubadilisha

Wakuu, habari za jioni. Nacheza gemu za mpira tangu enzi za PlayStation 2 (PS2), tukilipia mechi vibandani. Sasa nina PS4, na kila usiku ni EA Sports FC 24, peke yangu, naongoza timu msimu hadi msimu. Mtandaoni sipendi kabisa, mtandao ukikata katikati ya mechi roho inaniuma.

Nataka gemu yenye hadithi, isiyohitaji intaneti. Zamani niliipenda mno GTA San Andreas, hasa kuzurura tu bila misheni. Naifikiria Red Dead Redemption 2, lakini inakula karibu GB 100, na diski yangu ni GB 500. Ninunue hiyo, au God of War ya 2018? Mliohama kutoka mpira, mlizoeaje?