Mjadala: Orodha ya wadaiwa wa SACCO ibandikwe ukutani kabla kweri haijakaguliwa?

Fundi wa kweri, Kampala

Wadau habari zenu. Leteni maoni ila matusi acheni nyumbani. Kuna SACCO kila mwisho wa mwezi zinaprinti orodha ya wadaiwa, zinabandika mlangoni au zinaitupa kwenye grupu la WhatsApp, na watu wanabishana kama ni haki kumwaibisha mtu hivyo. Mi swali langu liko nyuma ya hapo, hiyo orodha imepikwaje? Maana ndo kazi yangu kuandika kweri, yaani yale maagizo yanayoitoa orodha kwenye data ya kompyuta, na msimamo wangu ni kwamba jina lisiende ukutani mpaka hesabu ya salio ikaguliwe na mtu mwingine, si yule aliyeiandika.

Iko hivi. Mara nyingi salio halikai kwenye jedwali lolote, una jedwali la mikopo, la marejesho na la faini, salio unalikokotoa: mkopo jumlisha faini toa marejesho (riba tuiache kwanza). Unataka wanaodaiwa zaidi ya 50,000. Kijana anaandika salio kwenye SELECT (sehemu ya kweri inayotaja cha kuonyesha), anaweka kichujio WHERE salio > 50000, PostgreSQL, programu ya kutunza data, inamkatalia, inasema kolamu hiyo haipo, sababu WHERE inapita kabla ya SELECT, hilo jina linakuwa bado halijazaliwa. Mwingine anayetumia MySQL, programu nyingine kama hiyo, anahamia HAVING (kichujio cha baada ya kujumlisha), inapokea, orodha inatoka, anaprinti.

Sasa tazama hawa watatu, wa kutunga, kila mmoja kakopa 1,000,000.

Wa kwanza kalipa mara 5, kila mara 200,000, ana faini moja ya 20,000. Deni lake ni 20,000 tu, hastahili kuwa kwenye orodha. Lakini ukijoini, yaani ukiunganisha, majedwali yote matatu kwa mpigo ile faini moja inajirudia kwa kila rejesho, inakuwa 100,000. Huyo yuko ukutani.

Wa pili kalipa mara 4, 150,000 kila mara, ana faini mbili za 20,000. Deni la kweli ni 440,000. Kwenye kweri marejesho yanazidishwa mara mbili yanakuwa 1,200,000, faini mara nne zinakuwa 160,000, salio linasoma -40,000. Yaani SACCO ndo inadaiwa naye! Haonekani popote.

Wa tatu hajalipa hata shilingi. Jumla ya marejesho yake ni NULL, yaani hakuna thamani, si hata sifuri, mkopo ukitoa NULL ni NULL, na NULL haiwezi kuwa zaidi ya 50,000, kwa hiyo mdaiwa sugu kuliko wote kapotea, wakati aliyebakiza 20,000 majirani wanamsoma mlangoni.

Mhasibu, Mbale

Ndugu unatutia hofu bure. Sisi salio ni kolamu kwenye jedwali la mikopo, mtu akilipa mfumo unapunguza hapo hapo, orodha ni WHERE moja basi. Tukianza kukokotoa mikopo yote upya kila saa, kompyuta yetu moja ya ofisi itazimia na wanachama wako kwenye foleni.

Fundi wa kweri, Kampala

Dada, kwa spidi sikubishii. Ila malipo ya mobile money yakirudishwa, mtu akaenda kufuta ile rejesho kwa mkono, kolamu ya salio nani anairekebisha? Una namba mbili zinazopingana na hujui ipi inasema kweli. Na usiniambie kolamu ya kujikokotoa yenyewe, ile ya MySQL 5.7 au PostgreSQL 12 inasoma mstari wake tu, jedwali la pili haiwezi kulichungulia. Weka kolamu yako sawa, lakini kabla ya kuprinti ilinganishe na hesabu ya marejesho yenyewe, hiyo ni mara moja kwa mwezi, kompyuta itavumilia.

Dev wa Ntinda

Banange mbona makelele mengi, si aweke SUM(DISTINCT) tu, ijumlishe kila kiasi mara moja, marudio yaishe?

Fundi wa kweri, Kampala

Hapana ssebo, hiyo ndo sumu kabisa. DISTINCT inaangalia kiasi, haijui hii ni rejesho gani. Yule wa kwanza malipo yake matano yote ni 200,000, DISTINCT inayahesabu kama moja, sasa anadaiwa 820,000. Jumlisha kila jedwali kivyake kwanza, mstari mmoja kwa mkopo mmoja, ndo ujoini, halafu chuja nje (COALESCE inageuza NULL kuwa 0):

SELECT * FROM (
  SELECT m.id, m.kiasi + COALESCE(f.jumla,0) - COALESCE(r.jumla,0) AS salio
  FROM mikopo m
  LEFT JOIN (SELECT mkopo_id, SUM(kiasi) AS jumla FROM marejesho GROUP BY mkopo_id) r ON r.mkopo_id = m.id
  LEFT JOIN (SELECT mkopo_id, SUM(kiasi) AS jumla FROM faini GROUP BY mkopo_id) f ON f.mkopo_id = m.id
) x WHERE salio > 50000;

Wengine mtapenda kuiandika kwa WITH, yaani kweri ndogo unazipa majina juu kabisa, inasomeka vizuri zaidi, ila MySQL ilianza kuielewa kwenye 8.0 na kuna ofisi bado ziko 5.7. Hii inaenda kote.

Mzee wa steji

Nyie vijana hiyo kompyuta sijui, ila bila ukuta watu hawalipi. Pesa ni zetu tuliweka sisi. Mtu anakula milioni anapita na boda mpya mbele ya ofisi, mnataka tumfichie jina mpaka fundi amalize kukagua?

Fundi wa kweri, Kampala

Mzee shikamoo. Huyo wa boda mpya ndo yule wa tatu, ukuta wako umemficha miezi yote hiyo. Nataka nimtoe nje, simfichi.

Dev wa Ntinda

Sawa hesabu nimeikubali. Ila hata ikiwa sahihi mi bado sitaki ukuta. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha, deni la mtu ni taarifa zake. Mtumie meseji yeye na wadhamini wake, inatosha.

Mwanachama, Arua

Mi jina langu limo na risiti ninazo. Nifanye nini?

Dev wa Ntinda

Andika barua, bakiza kopi imegongwa muhuri. Sheria hiyo hiyo inakupa haki ya kudai taarifa yenye makosa irekebishwe. Omba stetimenti ya mstari kwa mstari, kila rejesho na tarehe yake, usikubali jumla tu. Kisha tafuta faini, uone kama faini moja imejirudia mara nyingi kama ulivyolipa.