Tunahamia Dodoma na mtoto mwenye usonji: tupange mtaa upi?

Mama Ayubu (Dar es Salaam)

Wazazi na walezi wenzangu, salaam. Mimi ni mtumishi wa umma na nimepata uhamisho kwenda Mji wa Serikali, Mtumba, ambako ninatakiwa kuripoti mwezi Julai. Mume wangu atabaki Dar es Salaam kwa sababu ya biashara, na atakuwa akija mwisho wa wiki kwa treni ya SGR. Kwa hiyo siku za kazi nitakuwa peke yangu na watoto wawili pamoja na dada wa kazi.

Mtoto wetu wa pili, Ayubu, ana miaka saba na ana usonji. Haongei, isipokuwa vipande vya matangazo ya redio ambavyo huvirudia neno kwa neno, lakini anasikia vizuri na anaelewa mengi kuliko watu wanavyodhani. Yapo mambo mawili yanayonifanya nisiweze kupanga nyumba yoyote tu. La kwanza ni kelele za ghafla: akisikia honi ya lori au mashine ya kukatia vyuma, huziba masikio, hujitupa chini, na huweza kulia hadi akatapika. La pili ni kutoka. Geti likiachwa wazi kwa muda wa kuingiza ndoo moja ya maji, ameshafika barabarani, na gari kwake si kitu cha kuogopa.

Dalali amenitajia nyumba tatu. Moja ipo Nzuguni, karibu na barabara kuu ya Dar es Salaam. Kodi yake ni nafuu na ni njia moja kwenda Mtumba. Ya pili ipo Ilazo, katika ua wenye wapangaji wengine. Ya tatu ipo Iyumbu, ambako nimevutiwa na ukaribu wa Hospitali ya Benjamin Mkapa, ila bei yake ni ya kukaza mkanda. Juu ya hayo, bibi yake mzaa baba, ambaye anaishi Mpwapwa, ameomba akae na mjukuu wake mpaka nitakapotulia. Naomba ushauri wa waliopitia jambo hili: kipi kitangulie katika kuchagua, ofisi, hospitali, shule au ndugu?

Baba Neema (Kisasa)

Karibu Dodoma, Mama Ayubu. Kwa maoni yangu unaanza na nyumba wakati ulipaswa kuanza na shule. Hospitali mtakwenda mara moja baada ya miezi kadhaa, lakini shule ni siku tano kila wiki, na kwa mtoto kama wako njia ya kwenda shule ni sehemu ya shule yenyewe.

Kabla ya kumlipa mwenye nyumba yeyote, fika kwenye idara ya elimu ya Halmashauri ya Jiji, umuulizie ofisa anayesimamia elimu maalumu, akutajie ni shule zipi za msingi zinazopokea watoto wenye usonji kwa sasa. Sisitiza neno usonji. Ukiuliza tu kama kuna kitengo cha elimu maalumu, utaambiwa kipo, kisha ukifika unakuta viziwi, wenye ulemavu wa akili na wenye usonji katika chumba kimoja na mwalimu mmoja, ambaye hata awe na moyo kiasi gani hawezi kugawanyika. Watu wengine watakuelekeza Buigiri, kule Chamwino, kwa sababu ndilo jina wanalolijua kila inapotajwa elimu maalumu. Buigiri ni shule ya wasioona, na safari hiyo haitakusaidia.

Ukishapata majina ya shule, nenda wakati wa mapumziko badala ya wakati wa kipindi, maana darasani kila mtu huonekana mtulivu mgeni akiwepo. Angalia kama kuna uzio unaozunguka shule yote, nani anasimama getini, watoto wanakwenda chooni na nani, na mtoto anayelia anafanywa nini. Muulize mwalimu amesomea wapi. Wengi wa walimu wetu wa elimu maalumu wamepitia Chuo cha Patandi kule Arusha, na aliyepitia huko, hata kama fani yake si usonji, huwa anajua maana ya kumpangia mtoto ratiba ya picha. Shule anayosoma sasa ikuandikie, pamoja na barua ya uhamisho, maelezo ya yale anayoyaweza na yale yanayomtuliza, kwa sababu mwalimu mpya asipoyapata ataanza sifuri.

Na usikubali kufukuzwa mlangoni. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki sawa ya kupokelewa katika shule ya umma au ya binafsi. Nasema hivi kwa sababu ipo shule moja ya binafsi iliyotuuzia fomu, ikamwita Neema kwenye usaili, kisha ikatuambia tumrudishe atakapoanza kuongea.

Baada ya shule ndipo utafute nyumba ambayo kutoka hapo mtoto atatembea kwa miguu, au atapanda bajaji moja ya dereva mnayemfahamu. Mtaa unaolazimisha daladala mbili, na kubadilisha gari katikati ya mji, uufute, hata kama nyumba ina vigae hadi kwenye dari. Wewe ni mtu mzima, na kwenda Mtumba utafika tu.

Kuhusu kelele, madalali wa hapa hupenda kuonyesha nyumba saa nne asubuhi ya siku ya kazi, saa ambayo Dodoma yote imetulia. Rudi peke yako Jumamosi usiku na Jumapili asubuhi. Sikiliza kama kuna baa, spika za ibada, mashine ya kusaga au fundi wa kuchomelea madirisha. Tazama viwanja vya jirani pia: huu mji bado unajengwa, na kiwanja chenye lundo la mchanga na nondo zilizofunikwa turubai kinakuahidi mashine ya zege na mkato wa vyuma kwa miezi mingi. Ingia ndani, inua macho. Nyumba ya bati isiyo na dari itakuwa kimya kabisa mwezi wa saba utakapoikagua, kisha mvua za Desemba zikianza, hutasikizana na mtu aliye kiti cha pili. Na kwa kuwa unakuja wakati wa upepo, tikisa geti uone kama linagonga. Geti legevu katika upepo wa Agosti hupiga usiku kucha, na sisi tulilifunga kwa mpira wa tairi ya baiskeli ndipo binti yetu akalala.

Muuguzi wa Ntyuka

Nakubaliana na Baba Neema kuhusu shule, lakini nisingependa suala la hospitali lipitwe haraka namna hiyo. Hakuna dawa inayoondoa usonji, na anayekuuzia dawa ya namna hiyo, iwe ya hospitali au ya kienyeji, anakula fedha zako. Wapo hata hivyo watoto wenye usonji ambao pia wana kifafa, au wana matatizo makubwa ya usingizi na ya kula. Mama Ayubu hakutaja kama mwanawe huanguka kifafa. Kama huanguka, basi kukaa dakika chache kutoka Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ni jambo la kulipia kodi kubwa. Kama haanguki, Iyumbu haina sababu ya kukumaliza mfukoni.

Kliniki za afya ya akili nchini ndizo zinazohudumia pia wagonjwa wa kifafa, kwa hiyo msishtuke mkielekezwa Mirembe. Najua jina hilo limegeuzwa tusi nchi nzima, na nimeona wazazi wakikunja barua ya rufaa na kuitia mkobani wasirudi tena. Ni hospitali ya taifa ya afya ya akili yenye wataalamu, na mtoto hapati doa lolote kwa kupita getini pale. Tiba ya usemi ndiyo ngumu kupatikana, kwa sababu wataalamu wake ni wachache mno nchini, hivyo zoezi lolote mlilofundishwa Dar es Salaam, mwombe mtaalamu awaandikie au dada wa kazi amrekodi kwa simu kabla hamjaondoka.

Nililokusudia kusema zaidi ni maji. Mtoto mwenye usonji anayetoroka mara nyingi huvutwa na maji, na kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto wa namna hii. Wageni huiona Dodoma kavu, wakadhani hatari hiyo wameiacha pwani. Makorongo yetu mwezi wa nane ni njia ya watu na mbuzi, lakini mwezi wa kwanza yanashusha maji kwa ghafla, na mashimo yaliyochimbwa mchanga au udongo wa matofali hubaki yamejaa muda mrefu baada ya mvua kukatika. Baadhi ya sehemu za Nkuhungu nazo hutuamisha maji. Ukipewa nyumba, izunguke kwa miguu pande zote, mbali kidogo kuliko unavyodhani mtoto anaweza kufika, uone kuna shimo, kisima au korongo gani. Reli nayo uikumbuke: ile ya SGR ina uzio, lakini ile ya zamani inapita katikati ya mji, na watu huivuka popote.

Kwa sababu hiyohiyo, nyumba ya Nzuguni iliyo karibu na barabara kuu singeichukua hata kwa nusu ya kodi.

Mwalimu Mstaafu (Kongwa)

Binti yangu, hapa wote wamekimbilia mjini, acha nimsemee bibi. Mpwapwa kuna utulivu ambao kodi ya Iyumbu haiwezi kuununua. Kijijini mtoto hutembea, hushika udongo, hufuata mbuzi, na akipotea hurudishwa kwa jina la ukoo wake kabla ninyi hamjajua kama ametoka. Nimefundisha miaka mingi na sioni kwamba shule ndiyo kila kitu kwa kila mtoto.

Hata hivyo, tazama mambo mawili. Ayubu leo ana miaka saba na bibi anaweza kumshika mkono, ila akifika kumi atakuwa na mbio na nguvu, na bibi atakuwa na magoti mabovu zaidi. La pili ni maneno. Wapo watakaosema mtoto amechezewa, na bibi, kwa mapenzi tu, anaweza kushawishika kumpeleka kwa mganga akachanjwa au akafukizwa. Badala ya kumpeleka mtoto kwa bibi, mwombeni bibi aje Dodoma. Kazi za ofisini zinatoka saa tisa na nusu alasiri, na kutoka Mtumba hadi nyumbani kuna safari, ilhali shule hutoka mapema zaidi. Pengo hilo dada wa kazi ataliziba peke yake, na akiondoka ghafla, kama wanavyoondoka, mtoto anapoteza mtu wake. Bibi haombi likizo.

Jirani Mwema (Chang'ombe)

Mimi napingana na wazazi wanaoamini kwamba mtoto anayetoroka anahitaji nyumba ya peke yake yenye ukuta mrefu. Naishi ua wa wapangaji wengi, kelele zipo, lakini mwanangu amedakwa na majirani mara nyingi sana kabla hajafika mtaa wa pili. Muuza mkaa anamjua, fundi cherehani anamjua, mwendesha bodaboda wa kijiweni anajua kwamba asimshike ghafla bali amwite taratibu na kumwonyesha kanda nyekundu. Ukuta ukishapitwa, nje yake hakuna anayejua mtoto ni wa nani. Ile nyumba ya Ilazo usiitupe kabla hujaongea na hao wapangaji wenzako.

Mama Ayubu (Dar es Salaam)

Shikamoo Mwalimu, na ahsanteni nyote. Dada Muuguzi, Ayubu hajawahi kuanguka, kwa hiyo Iyumbu nimeiacha, na Nzuguni nimeshamwambia dalali aipangishe kwa mwingine. Nitachukua siku za likizo mwezi Juni nije kuzungukia shule kwanza, kisha niende kuwasalimu wale wapangaji wa Ilazo nikiwa na Ayubu mwenyewe, wamwone na yeye awaone. Suala la bibi kuja Dodoma tutalipeleka Mpwapwa mimi na mume wangu, kwa sababu si jambo la kumwambia mkwe kwa simu.

Limebaki swali moja. Wenye nyumba wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Je, nikilipa kisha mtoto akashindwa kuzoea, nitafanyaje?

Baba Neema (Kisasa)

Zungumza na mwenye nyumba uso kwa uso, dalali asiwepo. Mweleze hali ya mtoto mapema, maana akija kuigundua baadaye atasema ulimficha, na atakayekataa kwa sababu hiyo amekuepusha na mengi. Omba miezi mitatu ya kwanza. Wengi hukubali wakiona mpangaji ni mtumishi mwenye mshahara wa uhakika, hasa ukiongeza kidogo kwenye kodi ya mwezi. Mkataba uandikwe kwamba unaruhusiwa kuweka komeo la pili juu ya mlango na juu ya geti, pamoja na dari ya chumba kimoja kama haipo, na kwamba gharama hiyo itakatwa kwenye kodi au utaondoka na vifaa vyako. Komeo liwe upande wa ndani, kimo cha mtu mzima, la kusukuma kwa mkono badala ya kufuli. Moto au shoti ya umeme ikitokea usiku, hutaki dada wa kazi awe anatafuta ufunguo gizani.