Rising Sun: ni nani hasa aliyemuua Cheryl, na kwa nini kitabu na filamu havikubaliani?

Kijana wa Walukuba (Jinja)

Ndugu zangu, salaam. Nilipokuwa kijana hapa Walukuba, filamu ya Rising Sun ilionyeshwa katika kibanda cha video kilichokuwa jirani na soko, na VJ, yaani mfasiri wa filamu kibandani, aliifasiri kwa Luganda huku akipandisha sauti kila Wesley Snipes alipojitokeza. Tulitoka kibandani tukiwa tumekubaliana jambo moja tu, kwamba Wajapani ndio waliomuua yule mwanamke. Juma lililopita nimeitazama upya, safari hii kwa sauti yake ya asili bila mfasiri, nikagundua kwamba hadithi niliyotembea nayo kichwani miaka yote hiyo siyo iliyomo ndani ya filamu.

Kwa wasioijua, iliongozwa na Philip Kaufman na ikatoka mwaka 1993, kutokana na riwaya ambayo Michael Crichton aliichapisha mwaka 1992. Usiku wa sherehe ya kufungua jengo la kampuni ya Kijapani iitwayo Nakamoto mjini Los Angeles, mwanamke aitwaye Cheryl Lynn Austin anakutwa amekufa juu ya meza ya chumba cha mikutano. Anaitwa Web Smith, ambaye ndiye Snipes, pamoja na mpelelezi mzee John Connor, ambaye ni Sean Connery, mtu aliyewahi kuishi Japani na anayejua desturi za huko. Wakati huohuo Nakamoto inataka kuinunua kampuni ya Kimarekani ya teknolojia iitwayo Microcon, na Seneta Morton, aliyekuwa mpinzani mkubwa wa mauzo hayo, anageuza msimamo ghafla.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, muuaji ni nani kwa hakika, maana mazungumzo ya mwisho kati ya Smith na Jingo, yule mtaalamu wa picha, yaliniacha na mashaka? Pili, je, filamu hii inawachukia Wajapani, kama tulivyoielewa sisi kibandani, au inasema jambo jingine? Tafadhali msiogope kutaja mwisho wake.

Wakili wa Nakasero (Kampala)

Ndugu wa Walukuba, nitajibu swali la kwanza na kuwaachia wengine la pili.

Fuata mkondo wa ile diski ya kamera za ulinzi. Diski wanayokabidhiwa polisi inamwonyesha Eddie Sakamura, kijana wa Kijapani aliyekuwa na uhusiano na Cheryl, kana kwamba yeye ndiye muuaji. Connor haridhiki, kwa hiyo wanampelekea Jingo Asakuma, mtaalamu wa picha anayechezwa na Tia Carrere (Jingo ni jina ambalo wapenzi wa filamu hapa Kampala hawawezi kulisikia bila kumkumbuka VJ Jingo), naye anawaonyesha kwamba uso wa Eddie umebandikwa mahali pa uso wa mtu mwingine. Diski halisi inapopatikana, tunamwona Seneta Morton akimkaba Cheryl shingo wakiwa katika tendo lao, Cheryl anazimia, na seneta anaondoka akiamini kwamba ameua. Lakini Cheryl alikuwa bado hai. Mtu wa pili ndiye aliyeingia baada yake na kummaliza.

Kwa hiyo seneta alibadili msimamo juu ya Microcon kwa sababu ya kosa ambalo hakulitenda kikamilifu, na alijiua bila kuujua ukweli huo. Hapo ndipo filamu inaponishika moyo kuliko mahali pengine popote, kwa sababu waliokuwa na diski walijua kwamba mwanamke aliinuka tena, na wakanyamaza ili hofu ya yule mzee iwafanyie kazi.

Filamu inamnyoshea kidole Bob Richmond, Mmarekani anayeifanyia Nakamoto kazi, naye anakimbia na kuishia ndani ya zege bichi. Mashaka unayoyasema ni ya kweli: katika mazungumzo ya mwisho Jingo anadokeza kwamba huenda Richmond alikuwa anamfichia mtu wa juu yake. Kwa maoni yangu kukimbia si ushahidi wa kuua. Mtu hukimbia pia kwa sababu anajua mengi.

Niongeze jambo la kazini kwangu. Miaka kadhaa iliyopita niliwahi kupewa rekodi ya kamera ya ghala moja, ikidaiwa kuonyesha wizi wa mteja wangu. Niliitazama mara nne bila kuona kasoro. Mara ya tano nikaitazama ile saa iliyo pembeni ya picha badala ya kumtazama mtu, nikaona inaruka kutoka saa mbili na dakika kumi na nne usiku hadi saa mbili na dakika kumi na tisa, na yule aliyekuwa amebeba gunia kwa bega la kushoto akatokea amelibeba kwa bega la kulia. Sheria yetu ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inamtwisha anayeileta rekodi ya namna hiyo mzigo wa kuthibitisha uhalisi wake, na mahakama inapaswa kuangalia jinsi rekodi ilivyotengenezwa na jinsi ilivyohifadhiwa. Leo kamera zimejaa katika barabara zetu za Kampala, na bado nakutana na watu wanaodhani kwamba picha ikishaonekana kesi imekwisha.

Mwalimu wa Arua

Wakili ameeleza vizuri. Mimi nimesoma riwaya yenyewe, kwa hiyo nianzie hapo.

Katika kitabu hakuna mashaka kama hayo: muuaji ni Mjapani, mfanyakazi wa Nakamoto. Kaufman alimgeuza kuwa Mmarekani. Pia alimgeuza Smith, ambaye kitabuni ni mzungu aitwaye Peter, akampa Snipes nafasi hiyo. Crichton alishiriki mwanzoni katika kuandika muswada wa filamu, lakini hakuafikiana na Kaufman akajitoa. Kwa hiyo, ndugu yangu, ile hadithi mliyotoka nayo kibandani ilikuwa karibu zaidi na kitabu kuliko na filamu, ingawa sidhani kwamba VJ wenu alikuwa amekisoma.

Kuhusu chuki, ni lazima tuitazame miaka ile. Mwaka 1985 mataifa makubwa yalikubaliana katika hoteli ya Plaza mjini New York kuishusha thamani ya dola, na yeni ikapanda sana, hata mali za Marekani zikaonekana rahisi kwa mnunuzi kutoka Tokyo. Mwaka 1989 Sony iliinunua Columbia Pictures, na Mitsubishi Estate ikachukua sehemu kubwa ya umiliki wa Rockefeller Center. Kabla ya hapo Fujitsu ilikuwa imejaribu kuinunua Fairchild, kampuni ya Marekani ya vipande vya kompyuta, na upinzani wa kisiasa ukaifanya ijitoe mwaka 1987. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kumpa rais wa Marekani uwezo wa kuzuia ununuzi wa kampuni na wageni pale usalama wa taifa unapoguswa. Ukiyajua hayo, Microcon haionekani tena kuwa jina la kubuni tu.

Jambo linalonisikitisha ni kwamba Waingereza walikuwa na uwekezaji mkubwa kuliko Wajapani nchini Marekani wakati huo, na hakuna aliyewatungia riwaya ya kutisha. Tena mwalimu wa mila za Kijapani katika filamu ni Connery, mtu wa Edinburgh. Hofu ilichagua sura ya kuiogopa. Na hofu hiyo haikuishia kwenye karatasi: mwaka 1982, katika eneo la Detroit, kijana wa Kimarekani mwenye asili ya Kichina, Vincent Chin, alipigwa hadi kufa na wazungu wawili wa jamii ya viwanda vya magari, ambao kwa chuki yao dhidi ya magari ya Japani hawakujali kwamba yeye hakuwa Mjapani. Walihukumiwa kifungo cha nje na faini ya dola 3,000 kila mmoja. Makundi ya Wamarekani wenye asili ya Asia yaliyoilalamikia filamu ilipotoka yalikuwa na kumbukumbu ya namna hiyo, na mimi siwezi kuwalaumu hata kidogo, hata kama Kaufman alijitahidi kuipunguza sumu ya kitabu.

Tena yote yalikuja kwa kuchelewa. Soko la hisa la Tokyo lilikuwa limefika kilele chake siku za mwisho za mwaka 1989 na kuanza kuporomoka. Filamu ilipotoka, tajiri aliyekuwa akiogopwa alikuwa tayari anauguza hasara, na mwaka 1995 majengo ya Rockefeller Center yakaingia katika ufilisi.

Binti Bombo

Shikamoo Mwalimu. Naomba kuchangia kama mtu aliyekulia katika nyumba ambayo mwaka 1972 ulizungumzwa mara nyingi.

Mama yangu alikuwa na duka la kushona alilojifunzia kazi kwa familia ya Kihindi. Mwezi wa Agosti mwaka ule Rais Idi Amin alipowapa Wahindi siku 90 za kuondoka Uganda, na kuiita hatua hiyo vita vya uchumi, familia ile ilimwachia mama mkasi mmoja mzito wenye mpini mweusi, kwa sababu hawakuweza kubeba kila kitu. Mkasi huo tunao hadi leo. Kwa hiyo ninaposikia mhusika katika filamu, hasa yule mpelelezi Graham anayechezwa na Harvey Keitel, akisema kuhusu Wajapani maneno ya dharau, masikio yangu yanasikia redio ya nyumbani. Maneno ni yaleyale: wametushika uchumi, hawachanganyiki nasi, wanasaidiana wenyewe kwa wenyewe.

Lakini filamu inafanya jambo ambalo redio ile haikufanya. Inaufungua mlango wa ndani. Seneta ni Mmarekani, Richmond ni Mmarekani, na mauzo ya Microcon yasingesogea bila wao. Sisi tunalo somo la karibu kabisa la jambo hilo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 asilimia 49 ya hisa za Uganda Commercial Bank ziliuzwa kwa kampuni ya Westmont ya Malaysia, na watu wengi walilalamika kwamba benki ya wananchi imekwenda kwa wageni. Baadaye ikabainika kwamba nyuma ya jina hilo la kigeni ilikuwepo Greenland Bank, benki ya hapahapa nyumbani. Benki Kuu ikaingilia kati, Greenland ikafungwa mwaka 1999, na mwaka 2002 Stanbic ikachukua asilimia 80 ya UCB. Kwa miezi mingi sisi tulikuwa tunamtazama mgeni aliyesimama mlangoni, na mwenyeji alikuwa chumbani.

Ninaipenda pia sehemu ambapo Connor anamfundisha Smith asirushe mikono wala asipandishe sauti mbele ya wenyeji wao, na kumweleza kuhusu senpai na kohai, yaani mkubwa na mdogo katika kazi. Wengine huona mafunzo hayo yamezidi. Mtu aliyewahi kuingia katika nyumba ya Kiganda bila kujua kusalimia atamwelewa Smith mara moja.

Kijana wa Walukuba (Jinja)

Asanteni sana wote. Dada wa Bombo, habari ya UCB niliifahamu nusu nusu, na sikuwahi kuiweka karibu na filamu hii.

Jana usiku nimerudia sehemu ya diski kwa kufuata alivyosema Wakili. Sikuwatazama watu kabisa, nilitazama mikono ya Jingo mezani na ile picha iliyosimamishwa. Ninakumbuka kibandani, hapo ndipo watu walipotoka kwenda kununua mandazi, kwa sababu hakuna anayepigana. VJ naye alitumia nafasi hiyo kutangaza filamu ya kesho yake. Ndiyo maana tulikosa kila kitu.

Wakili, ukipata nafasi, nisaidie jambo moja lililobaki: je, kwa ushahidi uliomo katika diski pekee, Richmond angetiwa hatiani hapa kwetu?

Wakili wa Nakasero (Kampala)

Kwa diski pekee, ningekuwa mtetezi wake ningelala usingizi mzuri. Diski hiyo imepita katika mikono mingi, ilifichwa, nakala yake ikachezewa, na Eddie aliyeipata na kuitoa alikwisha kuuawa, kwa hiyo hayupo wa kueleza ilikuwa wapi kila siku. Mwendesha mashtaka angemhitaji Jingo kizimbani kwanza.

Na kizimbani Jingo angeulizwa kwa kiapo swali lilelile alilomwachia Smith.